Mambo ya kuzingatia kabla mvua za masika hazijagonga bati

Kila tarehe 25 Aprili, Siku ya Malaria Duniani, kunakuwa na fulana mpya, ngoma na mgeni rasmi. Sina ugomvi na siku hiyo, tena asili yake ni huku huku kwetu: viongozi wa Afrika walikutana Abuja tarehe 25 Aprili 2000 kuzungumzia malaria, ikawa Siku ya Malaria Afrika, hadi mwaka 2007 ilipopitishwa kuwa ya dunia nzima. Shida ni kwamba sisi wa Dar es Salaam na Pwani inatukuta tumeshalowa. Masika yetu ni Machi hadi Mei. Mgeni rasmi anapopanda jukwaani, mbu wa mwaka huu wameshazaliwa na wameshapata wajukuu.

Piga hesabu mwenyewe. Yai la mbu, kwa joto letu, linachukua kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka. Akimuuma mwenye vimelea, vimelea navyo vinataka siku kumi na kitu mwilini mwake kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Akikuuma wewe, homa inakuja baada ya wiki moja, mbili au zaidi. Jumlisha utaona: dimbwi la mwanzoni mwa Machi ni homa ya Aprili. Kwa hiyo kalenda yangu mimi inaanza siku Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mwelekeo wa mvua za masika, kwa kawaida Februari. Wakishasema tu "wastani hadi juu ya wastani", nashusha sanduku la dawa kutoka juu ya kabati.

Kabla ya sanduku, lakini, kuna maji. Mbu wa malaria, anofelesi, anapenda maji yaliyotulia yenye jua: dimbwi la barabarani, shimo la matofali, alama ya tairi la lori kwenye tope. Mengi ya hayo huyawezi peke yako. Ni kazi ya mtaa na halmashauri, na ndiyo maana kile kiwanda cha Kibaha kinatengeneza viuadudu vya kumwaga kwenye mazalia. Shimo la uani kwako ni lako, lifukie. Kufyeka majani kunapendezesha uwanja, ila usidhani umemaliza malaria, mbu hazaliwi kwenye majani.

Yule wa pili, edesi, mwenye madoa meupe miguuni, ndiye anayetusumbua mjini zaidi ya tunavyokiri. Huyu anauma mchana na analeta dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Hahitaji dimbwi. Kifuniko cha soda kinamtosha, seuze pipa la maji ya mvua, tairi bovu au kisahani chini ya chungu cha maua. Na hapa wengi tunakosea: tunamwaga maji, basi. Edesi hutaga mayai ukutani mwa chombo, pale juu kidogo ya maji, na mayai yale hukaa makavu miezi mingi yakingoja kulowa. Februari mimi hulilaza pipa ubavu, nikachukua dodoki na sabuni nikasugua ule mstari wa utelezi unaoonyesha maji yaliishia wapi. Ukipitisha kidole unausikia. Baada ya hapo, kifuniko kinachobana, au kitambaa cha neti kilichofungwa kwa mpira.

Chandarua kikague mchana. Kishike dhidi ya dirisha lenye mwanga, utayaona matundu ambayo usiku mbu anayaona kabla yako. Tundu la kupita kidole lishone kwa uzi wowote, hata wa rangi nyingine, hakuna anayekuja kulala kwako kukagua mshono. Kama ni kipya chenye dawa, kitandaze kivulini siku nzima kabla ya kukifunga. Ukikifua tumia sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, kwa sababu jua na jiki vinaimaliza dawa. Mjamzito anayeanza kliniki anastahili kupewa chandarua, akiulize asione haya, na zile dozi za SP za kuzuia malaria asiziruke kwa sababu tu anajisikia mzima.

Sasa sanduku. La kwangu ni ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Ndani kuna kipimajoto, parasetamo, pakiti za ORS za kumrudishia maji anayeharisha, vidonge vya zinki, vidonge vya kutibu maji, bandeji, glavu na tochi. Dawa ya mseto ya malaria haimo, na watu hunishangaa. Haimo kwa sababu homa lazima ipimwe kwanza. Kuna mwaka duka moja la dawa liliniuzia mseto bila kunitoboa hata kidole. Siku tatu nimemeza, homa iko pale pale, kumbe ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa muda wa kama dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukipatikana na malaria ndipo umeze dozi kamili: ya kwanza hapo hapo, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, kila mara baada ya kula. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, apewe tena. Na vile vidonge vinavyobaki "kwa ajili ya siku nyingine" kwa sababu mgonjwa ameshaanza kucheza, hivyo ndivyo vilivyotakiwa kumponya.

Homa ambayo haijajulikana ni ya nini, tumia parasetamo tu. Usikimbilie diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, maana kama ni dengi, dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na mtoto akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya, hapo hakuna dawa ya nyumbani wala dege wa kufukuzwa kwa moshi. Ni hospitali, usiku huo huo. Ndiyo maana namba ya bodaboda au bajaji mnayemwamini iandikwe ukutani kabla ya mvua, pamoja na ya mtu wa pili, kwa sababu wa kwanza usiku wa mvua huwa amezima simu.

ORS ndiyo iliyonifundisha kuwa na hiyo ndoo. Kuna mwaka, mwezi wa Aprili, saa tisa za usiku, mpangaji mwenzangu alinigongea. "Dada, una ORS? Mtoto anaharisha tangu saa mbili, macho yameingia ndani." Sikuwa nayo. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya mtaro, na mtaro ulikuwa unanguruma. Tukachemsha maji, tukayapoza kwa kuyamimina sufuria hadi sufuria, tukapima lita moja kwa chupa mbili za maji za nusu lita. Sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko. Mwenzangu mikono ilikuwa inamtetemeka, akachota chumvi kijiko kizima kilichofanya mlima. Nikamshika mkono, nikaikwangua kwa kisu hadi ikawa usawa, kisha nikaigawa nusu. Chumvi ikizidi inamuumiza mtoto badala ya kumsaidia. Tulimnywesha kwa kijiko, kimoja kimoja, hadi adhana ya alfajiri, kulipopambazuka tukamwahisha zahanati. Siku hizi anasoma na ananiibia kalamu zangu.

Kwa hiyo: pakiti ziwepo tano au sita, na kwanza soma ni za lita moja au nusu lita, zipo za aina mbili. Ukishaikoroga, ikifika kesho yake imwage. Zinki kwa mtoto anayeharisha hutolewa siku kumi hadi kumi na nne, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Na kama kinachotoka ni kama maji ya mchele, tena kingi, usianze kubishana kama ni kipindupindu au si kipindupindu. Mnyweshe huku mkienda.

Tukifika kwenye kipindupindu lazima tuseme jambo ambalo kwenye mabango halisemwi. Mvua ikishika kasi usiku, kuna watu hutoboa choo ili kiende na maji. Tunaita kutapisha choo, na kila mtu mtaani anajua ni nani. Asubuhi watoto wanachezea maji yale yale, na kisima kifupi cha jirani kimeshayanywa. Gari la kunyonya majitaka si rahisi, najua, na kwenye vichochoro vyetu wakati mwingine bomba halifiki. Lakini wapangaji wa uani kwetu tuligundua kwamba tukichanga kuanzia Januari kila mtu anatoa kitu kinachobebeka. Mwenye nyumba alitushangaa, kisha naye akachangia. Wenye nyumba wengi hawatachangia, mseme nao mapema kabla hawajapata kisingizio cha mvua.

Maji ya kunywa, wakati wa masika, yote yachemshwe hadi yatokote, hata ya bomba, kwa sababu bomba lililopasuka ndani ya mtaro linanyonya kilichomo mtaroni. Ukitumia vidonge, maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kisha subiri nusu saa. Na kunawa mikono ni kwa sabuni. Kile kibeseni kimoja kinachozungushwa msibani watu thelathini wanatumbukiza vidole kinaeneza zaidi ya kinachosafisha. Bora birika na mtu wa kumimina.

Ajali za masika hazina siku yao ya kimataifa, labda ndiyo maana hatuzijali. Kabla ya mvua muite fundi umeme aangalie waya unaoingia nyumbani kama unagusa bati. Jifunze mainswichi iko wapi, na kila mkubwa wa nyumba ajue kuizima gizani. Maji yakianza kuingia ndani, zima kabla hujakanyaga. Mtu akinaswa usimshike, zima kwanza, na kama huwezi, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Waya uliolala kwenye dimbwi uhesabu kuwa uko hai, zuia watu, piga simu.

Kuhusu kuvuka mtaro au bonde lililojaa, maji ya magotini yakiwa yanakimbia yanamwangusha mtu mzima, na ukianguka hujui chini kuna nini. Waliowahi kuliona bonde la Jangwani lilivyojaa hawahitaji kuelezwa. Watoto wa shule wapangiwe mapema: mvua ikiwa kubwa wabaki shuleni, na nani atawafuata.

Jiko la mkaa. Usiku wa baridi na mvua, mtu anaingiza jiko chumbani ili apate joto au asiache ubwabwa unyeshewe, anafunga dirisha, analala. Moshi wake ule usioonekana wala kunuka unaua familia nzima bila hata mmoja kuamka. Tafuta mapema bati la kutengenezea kibanda cha kupikia nje. Na mtoto akimwagikiwa na maji ya moto, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Dawa ya meno, yai, unga, asali, vyote hivyo viache jikoni.

Nyoka na panya hukimbia mafuriko kama sisi, na wanakimbilia kwetu. Rundo la matofali na kuni lililoegemea ukuta lihamishwe kabla. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asinyonywe, asifungwe kamba, mguu utulizwe kwa ubao kama uliovunjika na apelekwe hospitali. Akitemewa machoni na swila, maji mengi na mapema. Panya nao wana lao: ile homa ya ajabu ya Ruangwa, Lindi, mwaka 2022, iliyowatoa watu damu puani, ilikuja kujulikana kuwa ni homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Ukiwa na kidonda mguuni usiingie kwenye maji ya mafuriko bila buti. Buti za mpira nunua Februari, Aprili bei yake ni nyingine.

Mwisho ni karatasi: kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima, daftari la mwenye kisukari au presha. Ziwe pamoja ndani ya bahasha ya plastiki, juu, si chini ya godoro. Mwenye dawa za kila siku awe na za wiki mbili za ziada, kwa sababu kuna siku barabara haitapitika.

Juzi nimeifungua ndoo yangu. Pakiti mbili za ORS zinaisha muda Juni, nimezitia alama kwa makapeni nyekundu ili zitumike kwanza. Kipimajoto hakimo. Kiko kwa jirani tangu Desemba, na nimeshamtuma mtoto mara mbili.