Jinsi ya kupata ramani za kuundia modeli za meli za magurudumu

Fundi wa majahazi hapa Mombasa haundi kwa karatasi. Umbo la chombo analo machoni tangu utotoni. Meli za kale za mvuke, zilizosukumwa na magurudumu ya ubavuni, hatukukulia nazo, kwa hiyo ramani ndiyo macho yetu.

1. Chagua meli, kisha chagua mwaka. Meli iliyoishi miaka mingi hubadilishwa madirisha, bomba la moshi, hata sitaha. Anayeanza namshauri achukue Waverley, iliyoundwa Glasgow, Uskoti, na A. & J. Inglis na kushushwa majini 1946. Picha zake ni tele, na ramani isiyo na picha za kuihakikisha ni vigumu kuiamini.

2. Tafuta kwa jina la waundaji. Hifadhi nyingi za nyaraka hupanga ramani kwa jina la kiwanda na namba ya chombo kiwandani, si jina la meli peke yake. Anzia kwenye vyanzo vya bure: Lloyd's Register Foundation, wakfu wa Uingereza unaotunza kumbukumbu za meli, wameweka mtandaoni ramani na ripoti za ukaguzi, na Library of Congress ya Marekani ina michoro ya mkusanyo wa HAER, yaani kumbukumbu za kihistoria za uhandisi wa Marekani. Ukikosa huko, waandikie National Maritime Museum, Greenwich, au hifadhi ya Chuo Kikuu cha Glasgow. Nakala zao nyingi ni za kulipia.

3. Kagua kabla ya kulipa. Uliza kama kuna mchoro wa ubavuni, wa juu, na wa mikato, yaani umbo la chombo kikikatwa kwa upana. Bila mikato huwezi kukata mataruma, zile mbavu za chombo.

Halafu uliza gurudumu, na hapa usione haya kusumbua watu. Kwenye meli nyingi za baadaye, Waverley ikiwemo, makafi ya gurudumu, yanayosukuma maji, hayakukazwa. Kila kafi lina bawaba, na fito zinazotoka kwenye kitovu cha pembeni, kisicholingana na mhimili mkuu, huligeuza ili lizame likiwa karibu wima na litoke bila kubeba maji. Ramani inayoonyesha duara na mistari tu haitoshi, maana gurudumu ndilo jambo la kwanza mtu analoangalia.

Hakikisha pia upana ni upi. Mwili wa Waverley una futi 30, lakini ukipima na maboksi ya magurudumu ni 57.

4. Chapisha na upime. Napenda skeli ya 1:96, kwa kuwa futi moja huwa thumni ya inchi. Waverley, yenye futi 239, hutoka kama sentimita 76, ukubwa wa kukaa mezani. Peleka faili kwa wanaochapisha ramani za majengo, uwaambie asilimia 100, wasiibane iingie kwenye karatasi. Ikitoka, weka rula kwenye mstari wa skeli, kisha pima urefu na upana kila kimoja peke yake, kwa sababu karatasi ya kale huvutika upande mmoja kuliko mwingine kabla hata ya kupigwa skani. Unyevu wetu wa pwani nao huilegeza nakala yako, basi ibandike kwenye plaiwudi siku hiyohiyo. Vipimo vikipishana, rudisha faili irekebishwe kabla msumeno haujagusa mbao.