Misheni ukiwa mtu mzima: namna ya kwenda, kutumika na kuaga bila kuacha pengo

Tangu turudi kutoka Lubumbashi wastaafu wenzangu wananiuliza sana, hivi misheni ya watu wazima inakuwaje, na sisi Waafrika tunaiweza au ni ya Wamarekani tu. Tunaiweza. Mimi ni nesi mstaafu wa Arusha, baba watoto alikuwa mhasibu, tumetumikia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kule Kongo miezi 18 na tumerudi wazima. Ila kuna vitu ningependa mtu angeniambia mapema, hasa hili la kuaga maana ndo lililonishinda, kwa hiyo naandika yote hapa nisirudie rudie kwa kila anayenipigia.

Kwanza pesa, tusizungushane. Hakuna mshahara, mnajilipia wenyewe nyumba, chakula na matumizi, ndo maana wengi wanaokwenda ni wenye pensheni. Kaeni chini na kalamu, pigeni hesabu ya kila mwezi halafu ongezeni ya dharura, na kabla ya kupanda ndege waambieni ndugu kwa sauti kubwa kwamba Kanisa haliwalipi. Sisi hatukusema. Mwezi wa tatu simu zikaanza, "mama mkubwa si uko kwenye dola huko, nisaidie ada ya mtoto." Mtu ameshaamini unakula dola za wazungu, kumgeuza ukiwa mbali ni kazi kweli kweli.

Pili, kaeni na ukoo mzungumzie misiba. Ndiyo, misiba. Vijana wamisionari wa miaka 19 hawana shida hii, ila wewe una miaka 60 na kitu, una kaka, una mawifi, una mama mkwe kitandani. Nani akifariki utarudi, nani hutarudi, nani atakusimamia kwenye matanga? Kurudi kwa muda kunawezekana, mnaongea na rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa eneo lenu, na nauli ni yenu, lakini huwezi kurudi kwa kila shangazi. Sisi tulifanya kikao cha familia, kijana wetu wa kwanza akapewa jukumu la kusimama badala yetu na la kukusanya kodi ya vyumba viwili tunavyopangisha, na mjomba alipofariki hakuna aliyenung'unika maana yalishasemwa. Kulia nililia, lakini nililia Lubumbashi na maneno hayakuwepo.

Maombi yanaanzia kwa askofu au rais wa tawi (tawi ni usharika mdogo), yanakwenda kwa rais wa kigingi, yaani kiongozi wa sharika kadhaa, au rais wa misheni kama matawi yenu yako chini ya wilaya ya Kanisa na siyo kigingi. Kuna fomu za daktari na za meno, zijazeni kwa ukweli, ukificha presha yako inaenda kujitangaza yenyewe mbele ya safari. Mnaruhusiwa kusema mngependa nini, ila wito unatoka makao makuu Salt Lake City na unaweza kuja na mahali ambapo hamkupataja kabisa. Kazi ziko za aina nyingi: ofisi ya misheni, hekaluni, historia ya familia, mambo ya kujitegemea, kusaidia matawi machanga. Baba watoto alipewa nyumba wanazopangiwa vijana na hesabu zake, mimi nikapewa kusaidia tawi. Na kama hamuwezi kabisa kuhama kuna misheni ya huduma unayoifanya ukilala kwako, usiidharau. Kingine, kadi ya homa ya manjano ya kuingilia Kongo isisahaulike, na dola zako ziwe safi maana kule noti iliyochanika hata kidogo hakuna anayeipokea, mimi nilizunguka na ishirini yangu wiki nzima kama mtu anayeuza noti bandia.

Sasa mkifika. Hapa nitasema la kwangu kabla hujacheka la mtu: usisahihishe Kiswahili cha watu. Lubumbashi wanaongea Kiswahili chao, ugali wanaita bukari, kisamvu ni sombe, asante ni aksanti, wanakusalimia "jambo yenu", na kuna mtaa unaitwa Kenya, ukiambiwa "niko Kenya" usiulize kafikaje. Mimi mswahili wa Tanzania nikajiona profesa, wiki ya pili nikasimama kwenye darasa la akina mama wanaojifunza kusoma nikaanza "hapana, siyo hivyo, tunasema hivi." Wakanyamaza. Wakanyamaza wiki mbili mfululizo, wanakuja, wanakaa, wanaitikia ndiyo mama, wanaondoka. Mama mmoja mtu mzima ndo akanivuta pembeni akaniambia taratibu kwamba wao hawakuomba kufundishwa kuongea, waliomba kusoma. Nikaomba msamaha mbele ya darasa na kuanzia hapo nikawa ninayejifunza mimi. Kitabu cha Mormoni, andiko la Kanisa letu, cha Kiswahili kipo tangu 2000 na ndo hicho tulichosomea, wakikutana na neno la pwani wasilolijua wananiuliza, mimi nikikutana na lao nawauliza, ngoma droo.

Kama una taaluma kuwa nayo makini. Watu wakisikia nesi wanaleta watoto wenye homa mlangoni saa nne usiku. Kule sina leseni, na nikishakuwa zahanati ya mtaa, siku nikiondoka zahanati imefungwa. Nilichofanya ni kumsindikiza mama na mtoto mpaka hospitali mara ya kwanza, namwonyesha anaanzia dirisha gani na anauliza nini, mara ya pili anaenda mwenyewe. Uchungu unao, lakini shika hapo hapo.

Vijana wamisionari ni furaha na ni kazi. Kwenye vitabu vyetu vya Kiswahili kijana wa kiume mmisionari anaitwa Mzee, wa kike Dada, kwa hiyo kuna Mzee wa miaka 18 ambaye hajui kupika wali na kuna mume wangu Mzee wa miaka 67 mwenye goti bovu, wakiitwa wote wanageuka. Wengi huku wanasema Elda na Sista yaishe. Hao vijana wapikieni mara moja moja, wasikilizeni, ila msiwafanye watoto wenu wa kudumu maana uhamisho ni karibu kila wiki sita, umemzoea mtu na ubishi wake, jumatano kaondoka na begi lake. Nilikuja kuona baadaye kwamba hizo zilikuwa kwaheri ndogo ndogo za kunizoesha, ila mimi sikuwa najifunza, nilikuwa nalia tu.

Na mwenzako. Miaka 40 ya ndoa mmeishi mkipishana, yeye kazini wewe zamu ya usiku, ghafla mko pamoja saa ishirini na nne kwenye vyumba viwili, umeme umekatika na anatafuna karanga. Tafuteni nusu saa kila siku ya kila mtu na kona yake. Sisi tuliigawa, alfajiri baraza ni yangu, jioni ni yake. Msinicheke, imetuvusha.

Haya, kuaga.

Kosa kubwa ni kudhani kuaga ni jumapili ya mwisho. Kuaga kunaanza kama miezi minne kabla na kunaanza na funguo. Yaani jiulize, nikiondoka kesho ni kitu gani kinasimama? Kwangu ilikuwa kabati la vitabu, daftari la mahudhurio na lile darasa lenyewe, vyote nilivishika mimi kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kufanya mwenyewe kuliko kumfundisha mtu. Nikachagua dada wawili, siyo mmoja, mmoja akipata ujauzito au kuhamia mji mwingine kama Kolwezi kazi inakufa, nikamwomba rais wa tawi awape rasmi. Mwezi wa kwanza mimi nafundisha wao wanaangalia, wa pili wanafundisha mimi nakaa nyuma, wa tatu siji kabisa, nakaa nyumbani namenya viazi huku roho inaniuma nikijua sasa hivi wamefika kwenye silabi. Siku ya kwanza ya kutokwenda ilikuwa ngumu kuliko siku ya ndege, nasema kweli. Mume wangu naye akaandika orodha ya wenye nyumba wote, namba zao, nani anataka kodi tarehe ngapi, nani ukimpigia asubuhi anakuwa mkali. Hiyo ya mwisho ndo iliyosaidia zaidi.

Halafu nenda nyumba kwa nyumba. Kutangaza kanisani peke yake siyo kuaga, kwetu na kwao ni dharau, mtu aliyekulisha bukari lake anastahili uje ukae kwenye kiti chake useme naondoka. Anza na wagonjwa na wazee, hao usiwaweke mwisho, maana wewe una tarehe ya ndege lakini wao hawana uhakika na tarehe yoyote. Kulikuwa na bibi mmoja wa mtaa wa Katuba niliyempangia wiki ya mwisho kwa vile nilijua nitalia sana, akatangulia yeye siku kumi kabla. Nilikwenda kwenye matanga badala ya kwenda kumuaga. Hilo nalibeba.

Nyumba mbili kwa siku zisizidi, maana kila nyumba utakula na kukataa huwezi. Mimi siku moja nilijaza nyumba nne, ya tatu walikuwa na makayabu, samaki wa chumvi, ya nne nikaomba kulala kwenye kochi la watu.

Kuhusu zawadi na vitu vyenu. Mtaanza kuulizwa "mama, utatuachia nini?" mapema tu, usikasirike, ni swali la kawaida. Kwanza ulizeni ofisi kipi ni cha misheni na kipi ni chenu, friji na kitanda vinaweza vikawa si vyenu kabisa mkajikuta mmegawa mali ya watu. Vyenu gaweni kimya kimya, kila mtu kwake, siku ile ile unayomuaga, kamwe siyo uwanjani watu wakiangalia, maana sufuria moja iliyotolewa mbele ya watu inaacha ugomvi wa miaka. Madeni lipeni yote, hata ya mama wa mkaa. Mnayowadai, kama hamuwezi kudai kwa amani, sameheni na mseme kabisa kwamba mmesamehe, usimwache mtu anakukwepa siku ya kwaheri kwa ajili ya faranga chache.

Ahadi! Hapa naomba uwe mgumu kama jiwe. Usiseme nitarudi. Usiseme nitakutumia. Ukiwa umesimama mlangoni machozi yanatoka mdomo unaahidi wenyewe, mimi nilimwahidi mtoto mmoja viatu vya shule na ilinichukua miezi kutafuta mtu wa kumpelekea, na kila wiki mtoto anamuuliza mama yake. Kiswahili kimeshatupa neno, sema "kwaheri ya kuonana, Mungu akipenda," inatosha, haina deni ndani yake.

Jumapili ya mwisho ongea kidogo. Toa ushuhuda wako, shukuru, kaa. Nilishaona mtu anaaga dakika 25 anasimulia alivyojenga tawi wakati waliolijenga wamekaa mbele yake wanamtazama. Waombe wakusindikize mpaka getini, airport ya Luano waende wawili watatu tu, la sivyo utakodi magari na utasahau pasipoti, nakuambia.

Ukifika nyumbani bado hujamaliza, beji ya jina ya umisionari usivue uwanja wa ndege. Wewe ni mmisionari mpaka kiongozi aliyepewa jukumu hilo akupumzishe, yaani akuondoe rasmi kwenye wito, panga miadi mapema ukutane naye siku hizo hizo. Sisi tulipumzishwa jioni, tukatoka nje, mume wangu akavua beji akaiweka mfuko wa shati kisha akaendelea kuugusa mfuko njia nzima kama mtu aliyebeba pesa. Wiki za kwanza ni za ajabu. Unaamka alfajiri huna pa kwenda, wajukuu wamerefuka, unasema bukari watu wanakushangaa. Lala. Usikubali majukumu mengine mwezi ule wa kwanza hata ukiombwa vizuri.

Na kule usipige simu kuulizia kazi. Salamu tuma, za kazi usiulize, rais wa tawi yupo, wale dada wapo. Mimi nilijizuia, simu naiweka mezani naiangalia, kule wako nyuma yetu saa moja kwa hiyo nilikuwa napiga hesabu, sasa wanafungua kabati, sasa wanaita majina. Siku ya tisa mmoja wao akapiga. Nikakimbia kupokea nikidhani darasa limekwama, nikasema haya niambie mwanangu, kuna nini. Akasema darasa liko muzuri, wamefika thelathini, alikuwa anauliza tu kwenye yale maandazi yangu hiliki naweka kiasi gani.