Fidia ya ulemavu kwa maveterani wa Marekani: neno "huenda" lilivyoangusha ombi langu

Wenzangu mliovaa gwanda la Marekani, ombi langu la mgongo limepita juzi baada ya kukataliwa mara ya kwanza. Goti niliumia jeshini. Mgongo ukafuata miaka ya baadaye kwa sababu ya kuchechemea.

Anza na fomu 21-0966 ya kutangaza nia ya kuomba. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima, na malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku hiyo. Kisha jaza 21-526EZ, uambatishe DD214 (hati ya kumaliza utumishi jeshini) na rekodi za matibabu. Wawakilishi wa vyama vya maveterani waliosajiliwa na VA, yaani Idara ya Maveterani ya Marekani, watakusaidia bure, kwa hiyo usimlipe mtu kukujazia.

Sasa penye uzito. Kuumwa peke yake hakutoshi. Mwamuzi anatafuta ugonjwa uliothibitishwa na daktari, tukio au jeraha la wakati wa utumishi, na maoni ya kitaalamu yanayounganisha hivyo viwili. Kwa mgongo wangu, palipotakiwa jeraha la jeshini liliingia goti, kwa kuwa lilishakubaliwa. Daktari wangu wa kwanza aliandika kwamba mgongo "huenda" umeathiriwa na goti. Neno hilo linahesabiwa kuwa ni kubahatisha, na ombi likaanguka. Daktari anatakiwa aseme uwezekano haupungui nusu kwa nusu, kisha aeleze kwa nini. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria inampa haki veterani, ila barua ya "huenda" haifikishi mzani hapo. Isome barua yako mstari kwa mstari kabla ya kuituma.

Kuna magonjwa yasiyohitaji kuthibitishiwa uhusiano huo. Sheria ya PACT ya 2022 imeongeza mengi, ikiwemo pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Maeneo yake si Iraki na Afghanistan tu. Somalia na Jibuti zimo.

Ukiitwa kupimwa, nenda. Kukosa kunaweza kuua ombi. Na usijikaze kiaskari. Mpimaji alikunja goti langu akiwa na kipimo cha pembe mkononi, nami nikauma meno kimya. Mwambie "hapa panauma" pale pale maumivu yanapoanza, na umweleze hali ya siku zako mbaya.

Ukikataliwa, una mwaka mmoja wa kuilinda tarehe yako ya awali. Kama una ushahidi mpya, tumia fomu 20-0995. Kama unaona ushahidi uliopo ulisomwa vibaya, omba mapitio ya ngazi ya juu, ambayo hayapokei ushahidi mpya. Pia kuna Bodi ya Rufaa. Mimi nilipata barua ya daktari mwingine aliyesoma rekodi zangu zote, nikarudisha ombi pamoja nayo mwezi wa 11 tangu kukataliwa.

Asilimia za ulemavu unazopewa na VA hazijumlishwi kawaida. Mgongo 20, goti 10: unachukua 20 kwanza, halafu asilimia 10 ya 80 iliyobaki, ambayo ni 8. Jumla 28, inasogezwa hadi 30. Kuanzia 30 kuna nyongeza ya mwenzi na watoto, lakini haiji yenyewe: jaza 21-686c mapema, maana ukiipeleka ndani ya mwaka mmoja tangu uamuzi utoke, nyongeza inaweza kurudishwa nyuma hadi tarehe ya ukadiriaji wako.