Kabla hujawapeleka wageni kwenye mgahawa wa kupendeza Mbeya au Iringa

Miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini imebadilika. Mbeya mjini, Iringa, hata Njombe na Mafinga, siku hizi utakuta migahawa yenye bustani, taa za njano zilizoning'inizwa juu ya meza, sofa za kisasa na ukuta maalumu wa kupigia picha. Nafurahi kuiona, na napenda kwenda. Lakini kwa mingi, mapambo yamekua haraka kuliko jiko. Leo unakula kuku mtamu na mhudumu anakuhudumia kwa tabasamu. Wiki ijayo sahani ileile inakuja imepoa, na wa kumuuliza haonekani.

Ukienda peke yako au na rafiki, hilo linavumilika. Mambo hubadilika ukiwa na wageni wa heshima: wazazi waliokuja kwenye mahafali ya chuo kikuu cha MUST pale Mbeya au cha Mkwawa kule Iringa, wakwe wanaokuja kwa mara ya kwanza, mzee aliyetoka Kyela tangu alfajiri. Hapo aibu ya jiko inakuwa ya kwako. Kwa hiyo ninayoandika hapa namwandikia mwenyeji, yule atakayelipa bili na ambaye wageni watamtazama chakula kikichelewa.

Anza na picha. Karibu kila mtu anachagua mahali kwa kuangalia Instagram, na kurasa za migahawa zimejaa kuta, maua na machweo. Tafuta picha walizopiga wateja wenyewe, na utazame sahani. Je, wali umepakuliwa vizuri? Chipsi zina rangi ya kuiva au zimelowa mafuta? Kama kwenye picha nyingi watu wameshika glasi tu na sahani huzioni, mahali hapo huenda panafaa kwa kinywaji, na chakula cha wageni ukatafuta pengine.

Ukiweza, pita siku mbili tatu kabla, saa za kawaida. Agiza kitu kidogo, supu na chapati au chai ya maziwa, kisha utazame. Meza zilizoachwa zinafutwa baada ya muda gani? Wahudumu wanatembea huku wakiangalia wateja, au wamejikusanya kaunta na simu? Ukipata nafasi, muulize mmoja wao kwa upole mpishi mkuu anaingia zamu gani na anapumzika siku gani. Naliona swali hili kuwa la maana kuliko yote, kwa sababu chakula kinachobadilikabadilika mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mpishi mmoja anayejua kazi na wasaidizi ambao bado wanajifunza. Peleka wageni wako siku ambayo yeye yupo.

Siku hiyo hiyo kagua vitu ambavyo kijana havioni. Sofa za chini zenye kimeza kidogo zinapendeza kwenye picha, lakini bibi mwenye magoti mabovu ataketi pale akiwa amekunja mwili, sahani ya wali mapajani, na kuinuka ni mpaka ashikwe mkono. Omba meza ya kulia chakula yenye viti vya kawaida. Angalia choo kiko umbali gani, kuna ngazi ngapi, taa inawaka na maji yanatoka. Uliza pia kama usiku huo kuna muziki wa moja kwa moja au mpira kwenye runinga kubwa, maana mzee aliyekuja kuzungumza na wakwe hawezi kushindana na spika.

Baridi nayo si jambo dogo. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na Iringa haiko chini sana ya hapo. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa jioni unapenya kwenye zile veranda nzuri zisizo na ukuta, na halijoto ya usiku inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Kyela hajajiandaa kwa hilo. Mwambie mapema abebe sweta, na wewe beba kitenge au shuka moja ya ziada. Chagua meza ya ndani, au iliyo karibu na jiko la mkaa kama wanalo. Baridi hiyo hiyo ndiyo inayoua chakula: chipsi zikiwekwa kwenye sahani baridi na kuvushwa bustani nzima, zinafika zimenyong'onyea. Omba sahani zipashwe moto. Jiko linalojali wateja halitaona ajabu.

Mwinuko una athari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kwa urefu wa Mbeya, maji huchemka yakifika takriban nyuzi 94, hayafiki 100 kama pwani. Maharage, makande na nyama ngumu huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Kuku wa kienyeji aliyeanza kuchemshwa baada ya wewe kuagiza hawezi kulainika ndani ya dakika arobaini, hata mpishi awe fundi namna gani. Kwa hiyo uliza waziwazi: kuku ameshachemshwa, au anaanza sasa? Kama anaanza sasa, agiza kitu kingine, au piga simu asubuhi ili wamwandae mapema. Migahawa mingi inakubali oda ya simu, na jiko linafurahi kujua mnakuja wangapi.

Kuhusu nini cha kuagiza, msimamo wangu ni mmoja: agiza kile ambacho jiko la huku linapika kila siku. Menyu za migahawa hii ni ndefu, kurasa na kurasa, kuna piza, pasta, kamba wa kukaanga na vyakula vya Kichina. Halafu unaanza kutaja na mhudumu anajibu, "Hicho leo hakipo." Jiokoe na mchezo huo. Kabla ya kufungua menyu, muulize, "Dada, leo jikoni kuna nini kilicho tayari?" Atakutajia vitu vitano au sita, na hivyo ndivyo utakavyokula kwa amani. Wali wa mchele wa Kyela au wa Mbarali ni vigumu kuharibika kwa mpishi wa Mbeya. Ndizi za Rungwe zikipikwa na nyama, viazi vya Uporoto, parachichi lililoiva vizuri, mboga za majani zilizochumwa asubuhi: hapo mkoa unajisemea wenyewe, na mgeni atakumbuka alikula chakula cha Nyanda za Juu.

Samaki wahitaji swali lao. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, kwa hiyo pweza na kamba wa kwenye menyu wamesafiri wakiwa barafu, na barafu ya nani huijui. Ziwa Nyasa liko karibu zaidi, chini ya kilomita 150 ukienda Kyela. Kwa Iringa wapo samaki wa bwawa la Mtera. Uliza ametoka wapi na ameingia lini. Samaki akifika mezani, mfungue sehemu nene karibu na mfupa kabla hujampa mzee. Ngozi inaweza kuwa imekauka vizuri kwa nje na ndani bado kuna ubaridi wa friza. Akiwa hivyo, arudishwe palepale, kabla hajaguswa zaidi.

Kama kuna Waislamu kwenye msafara wako, zungumza na mgahawa mapema. Huku kwetu kitimoto kinapikwa sehemu nyingi, na swali linalohitajika ni kama jiko, mafuta na wavu wa kuchomea vinatenganishwa. Uliza kwa simu, ukiwa peke yako, ili mgeni asilazimike kuuliza mbele ya watu. Vilevile kwa mwenye presha au kisukari: omba chakula chake kiwekewe chumvi kidogo, na juisi isitiwe sukari. Kumbusha tena mnapofika, kwa kuwa aliyepokea simu huenda hayupo zamu.

Niliwahi kukaa kwenye mgahawa mmoja mzuri sana Mbeya, tukiwa watu kumi na kitu, kila mmoja ameagiza chakula chake. Sahani zilikuja moja moja. Mjomba, aliyetoka Tukuyu na ndiye tuliyemwalika, alipata wali wake wakati wengine wamekwisha kunawa. Muda wote alikuwa akisema, "Kuleni wanangu, msiningoje, chakula kitapoa." Iliniuma. Tangu hapo nikiwa na kundi nashauri aina mbili au tatu za chakula tu, mtu mmoja akusanye oda na kuiandika kwenye karatasi, na mhudumu aambiwe wazi kwamba wazee wahudumiwe kwanza. Supu itangulie ili watu wapashe moto tumbo. Na saa ya kuagiza iwe kabla njaa haijawakamata. Mkitaka kula saa mbili usiku, oda iwe jikoni saa moja.

Kuhusu kahawa, niruhusu niseme neno. Mbozi wanalima kahawa ya arabika inayonunuliwa nje ya nchi, na mgahawa ulio safari fupi tu kutoka kwenye mashamba hayo unakuletea maji ya moto na kijiko cha kahawa ya kopo. Inanisikitisha kila mara. Uliza kama wanayo ya kusaga. Wateja wengi wakiuliza, mwenye mgahawa atanunua.

Wahudumu wengi ni vijana, wengine wanafunzi, na wengine hawajawahi kufundishwa kazi hii na mtu yeyote. Salamu nzuri mwanzoni na kumwita dada au kaka kunakupatia huduma ambayo kupiga makofi na kufoka hakutakupatia. Muulize jina lake na umwambie kuna wageni wa heshima. Jambo likiharibika, inuka wewe, umfuate msimamizi kaunta, ongea kwa sauti ya chini na useme unachotaka kifanyike: kipashwe, kibadilishwe, au kiondolewe kwenye bili. Fanya hivyo mapema. Ukishamaliza nusu ya sahani, huna tena cha kudai.

Bili iombe kabla ya matunda, kwani nayo huchelewa. Isome mstari kwa mstari, hasa vinywaji, ambavyo huongezeka bila mtu kukumbuka nani aliagiza. Kodi ya VAT ya kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Uliza tangu mwanzo kama bei za menyu zimeijumuisha na kama kuna tozo ya huduma juu yake, usije ukashtuka mbele ya wakwe. Dai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Hakikisha wana lipa namba, yaani namba ya kulipia kwa simu, ya mtandao wako, na bado weka pesa taslimu mfukoni, maana mtandao unaweza kugoma saa ileile mnayotaka kuondoka. Bakshishi mpe mhudumu mkononi.

Usafiri wa kurudi upange wakati wa kwenda. Migahawa mizuri mingi iko pembezoni, kwenye barabara tulivu ambazo bajaji hazipiti baada ya saa tatu usiku. Chukua namba ya dereva aliyewaleta, kubalianeni bei ya kurudi, na mpigie mara tu bili inapoletwa ili awe amefika wageni wanapoinuka.