Namna ya Kufundisha Kisiwa cha Nisyros kwa Wanafunzi wa Kigoma

Mchoro wa volkano uliozoeleka vitabuni huonyesha mlima unaotema moto, lakini hauonyeshi mtu hata mmoja. Mwalimu wa Jiografia mjini Kigoma anaweza kuziba pengo hilo kwa Nisyros, kisiwa kidogo cha Ugiriki kilicho kati ya Kos na Tilos, ambako watu wapatao 1,000 wanaishi juu ya volkano iliyo hai.

Anza na ukubwa. Kisiwa kina kilomita za mraba 41 na upana wa kilomita 8 hivi, umbali usiotofautiana sana na ule wa kutoka stesheni ya reli hadi Ujiji. Chora duara ubaoni, uweke katikati bonde la kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki kilele cha volkano kinapoporomoka, kisha uonyeshe vijiji vinne: Mandraki na Pali ufukweni, Emporios na Nikia juu ya ukingo wa kaldera. Kabla ya kueleza lolote, waulize wanafunzi kwa nini mtu ajenge ukingoni mwa volkano, na uwaache wabishane, kwa maana hapo ndipo somo lilipo. Baadaye waeleze kwamba wanakijiji walilima matuta kwenye miteremko na hata kwenye sakafu ya bonde, na kwamba maji ya kunywa waliyakinga kutoka kwa mvua na kuyahifadhi katika visima vya kujengwa, jambo litakalomshangaza mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika.

Kreta ya Stefanos, shimo la mlipuko lililo ndani ya bonde hilo, inastahili muda mrefu zaidi. Eleza sakafu yake yenye upana wa mita zipatazo 300, mashimo yanayofuka mvuke, chembe za njano za salfa zilizoganda midomoni mwake, na harufu ya mayai yaliyooza. Huko Emporios mvuke huohuo hupasha joto pango dogo kwenye lango la kijiji.

Historia ipite haraka: utawala wa Mashujaa wa Mtakatifu Yohana (shirika la kijeshi la Kikristo), Waosmani (Waturuki), Waitalia kuanzia mwaka 1912, na hatimaye Ugiriki mwaka 1948. Ila usiuruke mwaka 1871. Mwaka ambao Stanley alimkuta Livingstone Ujiji ndio ambao milipuko ya mvuke na mawe ilianza Nisyros, ikaendelea hadi 1873. Sisitiza kwamba haikuwa milipuko ya lava.

Tahadhari moja: mwanafunzi akidai kwamba ziwa letu nalo ni kreta, mrekebishe papo hapo, kwani limetokana na bonde la ufa.

Kwa kazi ya nyumbani, waeleze kwamba wakazi wengi wa Emporios walihama baada ya tetemeko la mwaka 1933, kisha watume wakamwulize babu au bibi wa Ujiji, Kibirizi au Mwandiga ni nini kiliwahi kuwahamisha watu wa mtaa wake, na nani aliyekataa kuondoka. Ukurasa mmoja unatosha, mradi uwe na jina la mahali na mwaka, hata wa kukadiria.