Somo: VRAM (kumbukumbu ya kadi ya picha) kiasi gani inakutosha? Pima kabla hujatoa hela

Habari za jioni, wakuu. Wiki hii vijana watatu wamenifuata kibandani hapa Ngamiani, Tanga, na swali lilelile: "Fundi, kadi ya GB 8 inatosha au nijikaze nichukue ya 12?" Mmoja wao anacheza GTA V tu, kwenye kioo cha 1080p. Gemu hiyo ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ilipendekeza kadi ya GB 2. Na jamaa alishapata mteja wa baiskeli yake!

Tuanzie bandarini. Wazee wetu wanakumbuka meli kubwa zikitia nanga mbali na mzigo kuletwa gatini kwa matishari, kwa sababu maji ya gatini yalikuwa na kina cha mita 3 hivi. Sasa pamechimbwa hadi mita 13, meli inafunga gatini penyewe. VRAM ni ghala la gatini, kando kabisa ya chipu inayochora picha. RAM ya kawaida ni meli iliyotia nanga nje. Ghala likijaa, mzigo unaletwa kwa tishari. RTX 3060 ya GB 12 husoma VRAM yake kwa GB 360 kwa sekunde, lakini njia inayoiunganisha na madabodi, kama madabodi ni ya PCIe 3.0 x16, hupitisha takribani GB 16 tu. Ndiyo maana ghala likitosha, kulipanua hakuongezi kasi hata chembe. Likipelea kidogo tu, gemu inaanza kukwama.

Hatua ya 1: Jua nani anajaza ghala

Wengi wanasingizia kioo. Kioo cha 1080p kina pikseli 2,073,600, na kila moja ikichukua baiti 4, picha nzima ni kama MB 8. Ya 4K ni kama MB 33. Gemu huweka picha za namna hiyo nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kioo kikubwa kina gharama yake, ila mlaji mkuu ni tekscha: zile picha zinazovikwa juu ya kuta, lami, jezi na nyuso za watu. Tekscha moja ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa ni MB 64. Ikibanwa kwa njia ya kawaida inabaki MB 16, na ukiongeza nakala zake ndogo za kuonekana kwa mbali inafika kama 21. Sasa hesabu mtaa mzima. Humo ndani ni Tanga kweli, waja leo waondoka leo: ukigeuza kona, za nyuma zinatolewa, mpya zinaingia.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: tekscha za juu karibu hazimchoshi kabisa chipu. VRAM ikitosha, ziweke juu, fremu zako (idadi ya picha kwa sekunde) zitabaki karibu palepale. Vivuli na mwanga ndivyo vinavyomtoa chipu jasho. Ray tracing, yaani kukokotoa miale ya mwanga, inakula chipu na VRAM pia, na hata ile teknolojia ya kutengeneza fremu za katikati inataka VRAM yake ya ziada.

Hatua ya 2: Pima unachotumia sasa

Washa gemu, cheza nusu saa. Dakika tano hazitoshi, ghala halijajaa bado. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, chagua GPU. Chini utaona mistari miwili: Dedicated ndiyo VRAM yenyewe, Shared ni RAM iliyoazimwa. Dedicated ikiwa karibu kujaa, usitishike, gemu nyingi hujichukulia nafasi mapema kuliko zinavyohitaji. Tazama Shared. Ikipanda sana wakati unacheza, matishari yameanza kazi.

Hatua ya 3: Jaribio la tekscha

Hili ndilo ninalolipenda, na halina gharama. Shusha tekscha ngazi moja, acha mengine yote kama yalivyo, zima gemu uiwashe upya. Mikwamo ikiisha, shida ilikuwa VRAM. Isipobadilika, rudisha tekscha kisha shusha vivuli au ukubwa wa picha. Hapo ikipona, chipu ndiyo imechoka, na kadi yenye VRAM nyingi lakini chipu ya aina ileile haitakusaidia kitu.

Hatua ya 4: Chagua

Kwa gemu za zamani na za mpira kwenye 1080p, GB 4 bado inasukuma siku. GB 6 inahitaji subira ya kupunguza huku na huku. Kwa gemu mpya kwenye 1080p, mimi siuzi chini ya 8 bila kumwonya mtu. Kwa 1440p, au ukitaka kadi ikae miaka minne, tafuta 12. Kwa 4K anzia 16. Kwa nini mahitaji yamepanda hivi? PS5 ya mwaka 2020 ina GB 16 za kumbukumbu, PS4 ilikuwa na 8. Watengenezaji huandaa gemu kwa kipimo cha mashine hizo, kompyuta inafuata nyuma.

Hatua ya 5: Hakiki kadi kabla ya kulipa

Jina moja, kadi mbili. GTX 1060 ya GB 3 haikupunguziwa VRAM tu, ina viini (vichakataji vidogo ndani ya chipu) 1152 wakati ya GB 6 ina 1280. GT 1030 ina toleo la kumbukumbu ya GDDR5 na la DDR4, na la pili ni polepole mno. Tena kuna feki kabisa. Mwaka fulani nilinunua "GTX 1050 Ti ya GB 4" kwa mtu niliyemwamini. Ndani ilikuwa chipu ya kale iliyoandikiwa jina jipya, kila gemu nzito ikiwashwa kompyuta inazima. Programu ya GPU-Z ni ya bure na inazitambua nyingi za aina hiyo. Njoo nayo kwenye flashi, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Akikasirika, umeshapata jibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Muheza: Shikamoo fundi. Laptopu yangu haina kadi, ila Windows inaonyesha Shared GB 8. Si ina maana nina VRAM ya GB 8?

*Marahaba. Hapana, mdogo wangu. Una RAM ya GB 16, na Windows imeruhusu nusu yake iazimwe. Yote ni meli ya nje, ghala la gatini huna.*

Kutoka Korogwe: Kaka, RTX 3060 ya GB 12 na 3060 Ti ya GB 8, bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

*Ti ina chipu yenye nguvu zaidi, viini 4864 kwa 3584. Kwa gemu za mpira na za mashindano kwenye 1080p, chukua Ti. Kama unapenda gemu mpya za hadithi zenye tekscha nzito, chukua ya 12. Mimi ningechukua ya 12, lakini mimi sikimbizi fremu.*

Kutoka Pangani: Nina Dell ya ofisini, ile nyembamba ya mtumba. Nimeona RX 6400 ya GB 4, inaingia bila waya wa umeme. Vipi?

*Inaingia, lakini tahadhari. Kadi hiyo inatumia njia 4 tu za PCIe badala ya 16. Kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 tishari lako linakuwa robo, kwa hiyo siku GB 4 zikijaa utaumia kuliko mwenzako. GTX 1650 fupi ya GB 4 inatumia njia zote 16, nayo kuna matoleo yasiyohitaji waya. Pima kwanza nafasi ndani ya boksi kwa rula.*

Kutoka Makorora: Fundi, nimefanya jaribio la tekscha kama ulivyosema. Mikwamo imeisha, na kusema kweli sioni tofauti ya picha. Bado ninunue?

*Usinunue. Kaendelee kucheza.*