Oili ya tustroku ya boti: tafuta TC-W3 kwanza, mengine baadaye

Kila mara naulizwa hili swali, eti oili ya tustroku (injini inayochanganyiwa oili kwenye petroli) si ni oili tu, kwani ile ya pikipiki au ya chenso, ule msumeno wa injini, ina shida gani nikiweka kwenye boti? Shida ipo, na mimi nimeilipia. Nilipokuwa mgeni kwenye haya mambo niliishiwa oili nikachukua chupa ya chenso iliyokuwa stoo, mashine ikaenda vizuri kabisa kwa wiki kadhaa, nikajiona mjanja. Baadaye ikaanza kukosa nguvu, asubuhi inagoma kuwaka, fundi alipofungua silinda akanionyesha pistoni ina ukoko mgumu wa kijivu juu na ringi mbili zimeng'ang'ania kwenye mfereji wake, unazisukuma kwa ukucha hazichezi.

Sababu yake iko hivi. Chenso na pikipiki za tustroku zinapozwa na upepo, zinachemka sana, kwa hiyo oili yake inawekewa dawa za kusafisha zenye madini ambazo zikiungua zinaacha majivu, na ule moto mkali hauna shida nayo sana. Injini ya boti inavuta maji ya baridi muda wote, yenyewe inakaa kwenye joto la chini, halafu unaikanyaga fulu masaa mawili matatu bila kupumzika. Yale majivu hayatoki, yanaganda juu ya pistoni na kwenye plagi, yakishakuwa mengi yanawaka mekundu kama kaa na kuwasha petroli kabla ya wakati wake. Hapo ndo unakuta pistoni ina tundu.

Sasa ukishika chupa geuza nyuma usome maandishi madogo, unatafuta TC-W3. Hicho ni kiwango cha NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, TC ni tustroku, W ni ya kupozwa na maji, 3 ni toleo la tatu. Oili yake haina yale madini ya majivu na inakinga kutu pia, kitu muhimu kwa mashine inayolala majini. Iliyosajiliwa kweli huwa na namba inayoanza na RL, ile iliyoandikwa tu "inafaa kwa boti" bila kiwango chochote mimi naiacha palepale.

Kuna mtego mmoja watu wengi wananaswa, FC-W. Inafanana kwa jina na chupa ina picha ya boti lakini hiyo ni ya fostroku, inakaa kwenye sampu, lile bakuli la oili la injini, haichanganywi na petroli. JASO FC na FD, viwango vya Japani, nazo ni oili nzuri sana ila ni za injini za upepo, muachie mwenye pikipiki.

Rangi isikusumbue, bluu au kijani ni rangi tu ya kukuonyesha kwamba petroli imeshachanganywa. Sinthetiki inatoa moshi kidogo na inaacha uchafu kidogo, ukiweza chukua, ila mineral, ile ya kawaida isiyo sinthetiki, yenye TC-W3 inatosha kabisa kwa mashine ya kawaida ya kabureta. Kama injini yako ni ya kisasa ile ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hapo usibahatishe, soma kitabu chake, nyingi zinataka oili yake maalum juu ya hiyo TC-W3.

Kwenye kipimo ndo watu wanaharibu zaidi. 50:1 maana yake mililita 20 kwa kila lita ya petroli, kwa hiyo tangi la lita 25 linataka nusu lita ya oili. 100:1 ni nusu ya hapo, mililita 250, na 25:1 ambayo injini nyingi mpya zinatakiwa kutumia mwanzoni ni lita nzima. Fuata kitabu cha mashine yako, usifuate jirani. Na usijidanganye kwamba ukizidisha oili ndo unailinda zaidi, plagi zitalowa na kuwa nyeusi, na kumbuka oili ikizidi petroli inapungua kwenye ule mchanganyiko. Plagi ikitoka rangi ya kahawia kavu uko vizuri, ikiwa nyeupe kama chaki simama utafute tatizo kabla haijanoki.

Kuchanganya: mimina petroli kidogo kwanza kwenye tangi, weka oili yote, funga tikisa vizuri, halafu jazia petroli iliyobaki na utikise tena. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa, tafuta kikombe chenye mistari. Na changanya ya kutumia ndani ya wiki chache, ikikaa miezi petroli inachoka.

Boti ikienda kupaki muda mrefu, chomoa mpira wa mafuta uache injini iendelee kunguruma na maji yake ya kupoza mpaka izime yenyewe, maana petroli ikibaki kwenye kabureta inayeyuka hewani inaiacha oili peke yake, inakuwa nzito kama asali na kuziba zile jeti, vitundu vidogo vya kupitishia petroli.